Nyota Zako na Shoka la Baba

Kwa mkono wa duka la Mogaka,
S.L.P. 27,
Homa Bay.
Jumapili, 12 Machi 1967

Mpendwa kaka Cephas, wuod mama, mwana wa mama yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko Amerika? Baridi imepungua? Mama anauliza kama unakula, na mimi nauliza kama unalala, maana mtu aliyeajiriwa na nyota sijui anapumzika saa ngapi. Sisi tunaendelea, isipokuwa jambo moja nitakalolifikia. Mvua imeanza na mtama tumeshapanda.

Utashangaa kuona Kiswahili. Siku zote nakuandikia Dholuo kwa sababu Baba husoma kila barua kabla sijaifunga, amevaa miwani yake kama hakimu. Hii ameigeuzageuza, hakupata kitu, akanirudishia akisema walimu wa siku hizi wanajidai. Nimemwacha aseme. Ina neno ambalo sitaki alisome.

Kwanza kazi yako. Barua yako ya Novemba ilifika Januari, nikaisoma mara nne, na nusu yake nikawafundisha darasa la saba. Nikueleze nilivyoelewa, unisahihishe. Mwanga wa nyota mnaupitisha kwenye kioo cha pembe tatu, unafunguka kuwa mkanda wa rangi kama upinde wa mvua, nanyi mnaupiga picha. Ndani ya mkanda mna mistari myembamba. Kando yake mnapiga picha ya mistari ya chuma mlichokichoma hapo hapo hadi kikawaka, kwa kuwa hicho hakiendi popote. Kisha unainamia hadubini. Mistari ya nyota ikisogea upande wa buluu, nyota inatujia; ikisogea upande wa nyekundu, inatuacha. Umeshapima nyota elfu moja na mia mbili, bado elfu tatu. Pole kwa macho.

Baba alipenda sana habari ya chuma. Alisema, "Akimaliza cha huko, chuma chake kingine kiko hapa." Ana maana ya shoka.

Najua hujasahau, lakini miaka saba ni mingi, nisije nikaamini bure. Baba hawezi kutoka katika boma la Babu na kuanzisha lake bila mwanawe wa kwanza kutembea naye alfajiri hiyo, Baba amebeba jogoo, wewe umebeba shoka jipya. Mdogo wetu Maurice alijitolea. Alikuja kutoka kisiwani Remba ananuka dagaa wa omena, amevaa shati la kanisani, wazee wakamshukuru na kumrudisha. Mchungaji naye alikuja kusema kwamba desturi hizo haziokoi mtu. Baba aliitikia amina, akarudi kunoa shoka.

Sasa jambo lenyewe. Tangu Desemba Baba anakohoa na miguu inavimba. Daktari aliniita kando akasema moyo wake umechoka, tusipange mambo ya mbali. Kufa hakumwogopeshi, Cephas. Anaogopa kuzikwa ndani ya boma la babake, kama mtu ambaye hakuwahi kutoka.

Nilikukasirikia. Mwezi jana nilizitandaza barua zako zote mezani kwa tarehe. Mwaka wa sitini na moja uliandika kwamba utarudi Agosti ya sitini na nne. Mwaka wa sitini na tatu ukaandika utarudi ukipata digrii. Mwaka wa sitini na tano, kazi ikipungua. Katika ile ya Novemba neno kurudi halimo kabisa. Nikasema basi, huyu naye kaenda upande wa nyekundu. Nililia hadi chai ikapoa.

Lakini ukurasa wako wa tatu ulinikamata. Unasema kabla ya kutangaza kwamba nyota inatuacha, lazima utoe kwanza mwendo wa dunia yenyewe, kwa sababu hata pale uliposimama pana mbio zake, na asiyeutoa huisingizia nyota mwendo usio wake. Kaka, nilifunga barua hiyo nikaenda kufungua Biblia yangu.

Mna karatasi ndani yake. Juni ya sitini na tano Baba aliniambia niandike kwamba shoka liko tayari, uje. Niliandika, akasoma, akaridhika. Nilipofika posta niliitoa karatasi hiyo, nikaweka nyingine inayosema tuko salama, usome hadi mwisho. Nilikuwa nimeshajigamba shule nzima kwamba kaka yangu atakuwa daktari wa nyota. Nilitaka sifa hiyo kuliko nilivyokutaka wewe, na leo naona haya kuiandika.

Tangu siku hiyo Baba anangoja jibu la barua usiyoipata. Anaamini uliisoma ukanyamaza. Hajakulaumu hata mara moja, husema tu kwamba nyota ni nyingi. Karatasi yenyewe nimeitia humu, imekunjika lakini inasomeka. Nisamehe ukiweza, na kama huwezi, njoo unikasirikie hapa.

Nakukosa, Cephas. Nakikosa hata kile kikohozi chako cha uongo cha kukwepa kuchota maji. Koti lako la shule bado liko kwenye msumari. Juzi nilimkuta Baba amelilaza mezani, amenyoosha mkono mmoja wa koti, anaupima kwa kamba ili akate mpini mpya wa shoka. Nikamwambia kwamba umekua tangu ulipoliacha. Akafikiri kidogo, akaongeza upana wa vidole viwili.

Mama yetu Zilpah anakusalimu, Maurice pia, na shangazi Phelesia ambaye bado anadhani unaishi ndani ya darubini. Mungu akutunze juu ya mlima huo mnakotazamia nyota na akushushe salama. Ukijibu, usijibu kwa Kiswahili. Andika kwa Dholuo, herufi kubwa, uanze na tarehe ya kufika, ili Baba aisome mwenyewe.

Dada yako akupendaye, aliyekuchelewesha,

Rispa