Nilimwita, Akaitika

Jumatatu, baada ya alasiri. Mishomoroni. Jua linachoma kama lina kisasi na mtu, upepo hakuna, na mimi nimekasirika tangu Jumamosi sijapoa.

Nimewakasirikia watu wengi. Nitawapanga hapa mmoja mmoja, maana blogu hii ni yangu, naandika kwa kidole changu kimoja, na hakuna wa kunikatiza.

Wa kwanza ni yule mwenye kipaza sauti. Jumamosi, kwenye mashindano ya baiskeli yaliyopita barabara ya vumbi ya Mwakirunge, alimwona mjukuu wangu Mejumaa yuko chini na baiskeli juu yake, akatangazia umati wote: "Ooh, namba thelathini na moja amezubaa!" Amezubaa! Mtoto aliyekuwa akibeba mitungi minne ya maji kwa baiskeli kila asubuhi kabla ya shule, kutoka kisimani hadi mlangoni kwangu, kwenye njia ya mashimo, bila kumwaga hata kikombe? Huyo azubae wapi?

Wa pili ni nyinyi mnaopelekeana ile video. Kila simu ya Kisauni sasa ina Mejumaa: anageuza uso, anasema "Abee!", anaanguka. Tena mwaicheza polepole mpate kuuona mdomo vizuri. Leo asubuhi nimetoka kununua mahamri, dereva mmoja wa tuktuk akapunguza mwendo karibu yangu, akavuta sauti, "Abeeee!", akacheka na abiria wake. Nilivua kiatu. Amshukuru Mungu kuwa tuktuk ina magurudumu matatu na mimi nina magoti mawili mabovu.

Na wa tatu, wabaya kuliko wote, ni wanawake wa pale kwenye maji, kisimani. Eti aliitikia mwanamume. Eti alikuwepo mtu wake pale kwenye kona alipoanguka, ndiyo maana akageuka na meno nje. Mwenye kuanzisha neno hilo namjua, na mamake namjua, na hao wote sikuwasikia wakimsifu mtoto huyu siku hata moja alipokuwa akiamka saa kumi na moja kwenda kufanya mazoezi.

Sasa nieleze ilivyokuwa, maana nikiendelea kutukana sitafika.

Mpangaji wangu, Baba Otieno, ni mtu wa bara na ni mwendawazimu wa baiskeli. Kila Jumapili baada ya chakula huiegemeza simu yake kwenye chupa ya chai, tukakaa kibarazani sisi watatu, yeye, mimi na Mejumaa, tukatazama mashindano ya ng'ambo. Wazungu wapita barabara nyeupe za vumbi, watoka huko wamekuwa kama watu wa kinu cha unga. Mwanzo niliona upuuzi. Baadaye nikawa ndiye wa kwanza kukaa. Nikajua kwa nini mtu hukaa nyuma ya mwenzake asipigwe na upepo, nikajua gurudumu likitoboka kwenye changarawe siku imeharibika. Nilimpigia kelele dada mmoja wa kizungu akaze miguu, na hata jina lake siwezi kulitamka.

Mejumaa ndiye aliyenifundisha jambo la kona. Alisema, "Bibi, kwenye changarawe baiskeli yafuata macho. Ukiangalia shimo, waingia shimoni. Waangalia pale unapotaka kwenda, basi."

Nililishika. Nalisema hapa ili mjue nililishika.

Haya. Tukasikia mashindano yenyewe yaja kwetu, ya kulipwa, na timu za nje. Mejumaa na wenzake watano wakapewa nafasi. Na mkuu wa timu moja ya kigeni, aliyemwona kwenye mazoezi, akamwambia maneno mbele ya Baba Otieno: ukimaliza ndani ya kumi bora ya wanawake, msimu ujao wewe ni wangu. Kazi ya baiskeli. Mshahara, safari, daktari, kila kitu. Wiki tatu nyumba hii haikuzungumza lingine. Waliokuwa wakiniambia mtoto wa kike haendeshi baiskeli, tena amevaa suruali ya kubana, nikawa nawapitia milangoni makusudi nikiwaamkua kwa furaha.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshafika Mwakirunge. Baba Otieno alinipeleka na kiti changu cha plastiki, mwavuli, maji na tende. Tukachagua kona ya mteremko, maana hapo wanapunguza mwendo na mtu aweza kuona. Watu walikuja wengi, wa Magogoni, wa Bombolulu, na mavuvuzela yao. Wajinga watatu wakasimama katikati ya njia kupiga picha. Nikawaondoa kwa mwavuli. Askari aliniangalia akaamua hakuona kitu.

Saa tatu nzima kwenye jua, kungoja watu wapite kwa dakika moja. Wapenzi wa mchezo huu wanajua. Wengine msicheke.

Kwanza ilipita pikipiki. Kisha gari lenye taa. Kisha vumbi, vumbi kama nyumba inatembea, na ndani yake wasichana saba.

Saba bora! Nilijua yumo, Baba Otieno alikuwa ameshaona kwenye simu kuwa namba thelathini na moja yumo kundi la mbele. Lakini yupi? Wote rangi moja ya udongo. Kofia ngumu, miwani mikubwa, namba zimefunikwa. Nikaingiwa na hofu ya kijinga kabisa, kwamba nimemlea mtoto huyu tangu ananyonya, nimekaa hapa tangu asubuhi, na atanipita mbele ya pua nisimjue.

Baba Otieno naye akapiga kelele, "Shosh, muite! Muite akuone!"

Nimemwambia mara mia mimi ni bibi, shosh ni huko kwao. Lakini siku hiyo sikumrekebisha.

Nikaita. Sauti ile ile ninayomwitia akiwa kisimani, inayovuka nyumba tano. "Mejumaaa!"

Sasa sikilizeni. Mtoto huyu nimemfunza mimi. Ukiitwa na mkubwa waitika abee, na wageuza uso, humwitikii mtu ukiwa umempa kisogo. Alipokuwa na miaka sita niliita akajibu "Nini?" Nilimrudisha mpaka kwenye lango, nikamwita upya, nikamrudisha, nikamwita upya, mpaka abee ikatoka vizuri na uso ukaja nayo. Majirani walinisifu. Mimi mwenyewe nimejisifu kwa jambo hilo miaka yote, kwenye harusi na kwenye matanga.

Katika nyuso saba za udongo, uso mmoja uligeuka.

"Abee!"

Na akacheka, wallahi, meno meupe katikati ya vumbi. Nikamjua. Na baiskeli ikafuata macho.

Alianguka hatua nne kutoka kiti changu. Msichana mmoja wa kizungu akamwangukia. Niliisikia changarawe ikimkwaruza. Akainuka, damu kuanzia kiwiko hadi kwenye kidole, akaurudisha mnyororo mahali pake, akapanda, akaenda. Hakuniangalia tena. Safari hii aliangalia mbele.

Akamaliza wa kumi na tatu.

Mnaona nimewapanga watu wote hapo juu, wa kipaza sauti, wa video, wa kwenye maji. Mmoja sijamtaja.

Aliyeita ni mimi.

Kwenye video sauti yangu haisikiki, mavuvuzela yaliifunika. Ukimtoa Mejumaa mwenyewe, anayejua ni Baba Otieno peke yake, naye amenyamaza kwa sababu anaona aibu ya ule ushauri wake. Mimi nami nilinyamaza. Na hilo si baya zaidi. Ngojeni.

Jioni ile alirudi, mkono umefungwa shingoni, ua limejaa majirani waliokuja kutoa pole na kupata habari. Na mimi, mbele yao wote, nikiwa nimeshika kiuno, nilimuuliza kwa sauti: "Ulikuwa waangalia nini?"

Akaniangalia. Alikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja tu lingetosha.

Akasema, "Nilizubaa, Bibi."

Neno la yule mwenye kipaza sauti. Akaliokota akalivaa yeye, ili mimi nisiaibike kwenye ua wangu. Na mimi nikamwacha alivae. Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu.

Leo adhuhuri Baba Otieno alikuja kuketi kibarazani bila simu, nikajua kuna neno. Akasema yule mkuu wa timu alipiga jana. Alimuuliza Mejumaa kilichotokea, akamjibu vilevile, nilizubaa, ni kosa langu. Mkuu akasema nafasi ni moja, miguu anaiona anayo, lakini hachukui mtu anayetazama umati katikati ya kona. Atatoa jibu Jumatano.

"Shosh," Baba Otieno akasema, "mimi siwezi kumwambia. Ni wewe."

Nikamfukuza. Kisha nikamwita arudi.

Kwa hivyo enyi wa Kisauni, na nyinyi wa mbali mnaosoma hapa. Hakuna mwanamume aliyeitwa wala kuitikiwa. Mejumaa aliitwa na bibi yake, mwanamke mwenye miaka sabini na moja aliyekuwa anajua kabisa mambo ya kona, na akaita. Mtoto alifanya alilofunzwa. Anayetaka kucheka sasa ana wa kumcheka, nipo nyumbani, lango li wazi, aje. Mwenye kuanzisha lile neno la mwanamume asije. Huyo nitamwendea mimi.

Nimemwambia Baba Otieno aandike Kizungu chote anachokijua, amwambie yule mkuu kuwa msichana wake hakuzubaa. Akiuliza kwa nini aligeuka, aandike kuwa nilimlea hivyo. Kama timu yake ina dawa ya hilo, wamtibu huko huko. Mimi konani sitaita tena. Nitaziba mdomo kwa leso.

Limebaki la kumwambia mwenyewe. Yuko chumbani siku ya pili, hatoki ila kwa maji. Na mimi nimeishia darasa la nne, naweza kuandika haya yote, lakini kumwomba radhi mtoto niliyemuogesha sijui waanzaje. Marehemu mume wangu nilimwomba radhi mara moja katika miaka thelathini na mbili, tena alikuwa amelala.

Nimekaa hapa naandika ili nisiingie. Najijua.

Ameniita sasa hivi. Labda shati limemkwama kwenye bandeji. "Bibi!"

Mkubwa akiitwa na mdogo husema "Ee", au "Wasemaje?" Hivyo ndivyo nilivyoitika maisha yangu yote.

Nimegeuza uso kwenye mlango wake, nimesema, "Abee."

Naweka simu chini. Naingia.