Kijiji Kisicho na Watu

Jumamosi, 2 Novemba

Tumekufa tena darajani. Mara ya tatu leo. Gwasa kachelewa na ndege, kifaru kikatokea nyuma ya miti, askari wangu wote chini. Ananipigia kutoka Kibondo kusema kosa ni la mtandao wa Kasulu. Kosa ni lake. Fundi simu mzima, anarusha ndege ya kivita kama anapeleka mahindi mashineni kwa bodaboda.

Ndiyo raha yetu ya Jumamosi, gemu la vita la kompyuta, saa nane mchana mpaka jua lipoe. Mimi chini na askari wa miguu na magari, yeye juu na ndege. Mmoja bila mwenzake hafiki popote. Mwaka wa nne huu tangu serikali inilete huku kutoka Newala kufundisha jiografia, na sijapata starehe nyingine isiyonitia aibu. Hii nayo inanitia kidogo. Nina miaka thelathini na minane.

Ramani zilizokuja na gemu nimezichoka. Zote jangwa. Nataka milima.

Jumatano, 6 Novemba

Papa Deo alipita shuleni. Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkalimani wa shirika moja. Gari lao likija Kasulu hachezi mbali na chai yangu. Nilimwambia natafuta kijiji cha mlimani cha kuweka kwenye gemu. Akanichorea cha kwao, ng'ambo ya ziwa, kwa kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia. Kanisa la bati la buluu. Mikaratusi. Bomba la maji. Njia inapanda kwa kona saba. Nyumba ya dada yake ukingoni, mlango wa kijani.

Dada huyo, Mama Amani, yuko naye kambini. Mwanawe Amani alikataa kukimbia, amebaki huko na ng'ombe wa familia. Huongea na mama yake kila Jumapili mtandao ukikubali. Jumapili iliyopita haukukubali.

Papa Deo aliitazama karatasi muda mrefu kabla ya kunipa. Nilifurahi. Hatimaye kontua zangu, mistari ya miinuko ya ramani, zimepata kazi nje ya ubao.

Jumapili, 10 Novemba

Kona ya nne hainikai. Nimebomoa mlima mara mbili. Mvua kutwa nzima, sikutoka hata kununua mkate.

Jumamosi, 16 Novemba

Kijiji kimekamilika. Hata kivuli cha mikaratusi saa za jioni kinaangukia bombani kama alivyosema. Watu sikuweka. Ukiweka watu kompyuta yangu inakuwa nzito, inakwama.

Leo tukakipigania. Gwasa kwa mara ya kwanza maishani aliwahi. Ndege ikapita chini kabisa, bomu likatua ubavuni mwa kanisa. Moshi ule! Nilirekodi nusu dakika. Nikaondoa maandishi yote ya kwenye kioo, hesabu ya risasi, ramani ndogo ya pembeni, jina la gemu, ili picha ipendeze. Nikamtumia Papa Deo na maneno mawili: "Kwenu hapa."

Nilijiona fundi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu, 18 Novemba

Hajajibu. Labda nimemuudhi. Nani anafurahi kuona kwao kunapigwa bomu, hata kwa mchezo? Sikulifikiria hilo hata kidogo. Nitamwomba radhi akija.

Jumanne, 19 Novemba

Mwalimu wa Baiolojia kaniletea simu yake ofisini nione unyama wa huko Kongo. Ilikuwa video yangu. Mtu ameweka sauti juu yake, mwanamke analia na mwanamume anasema ni asubuhi ya leo. Nikamwambia hii nimetengeneza mimi. Akacheka. Akasema mimi napenda kujikweza.

Nimempigia Papa Deo mara kumi na moja ndipo akapokea. Jumamosi alikuwa kazini na simu aliiacha nyumbani ikichajiwa. Dada yake akaiona. "Kwenu hapa", kutoka kwa mwalimu wa serikali. Mwalimu wa serikali atadanganya kwa faida gani? Akaipeleka kwenye grupu la kwaya aulize kama kuna mwenye habari. Basi. Hizi ni Jumapili tatu Amani hapatikani, na vita huko ipo kweli, hakuna aliyehitaji kushawishiwa.

Matanga yalianza juzi. Mama Amani amenyoa nywele.



Jumatano, 20 Novemba

Nimeandika kila mahali kwamba ni gemu. Majibu: nimetumwa. Nimelipwa. Nina roho ya chuma. Mmoja kanitumia video yenyewe kama ushahidi.

Gwasa naye kajaribu kule Kibondo, kasimama sokoni kaeleza kwa Kiha na kwa Kiswahili. Wakamwambia arudi kwenye simu zake. Yeye hana mzaha leo. Ameniuliza kama bomu lingeanguka shambani ingesaidia.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi langu wanalila wa mwenzangu.

Ijumaa, 22 Novemba

Presha imempanda. Gari la wagonjwa limemleta Mama Amani hospitali ya Kabanga. Papa Deo anasema njoo na kompyuta, umwonyeshe mwenyewe, labda akiona kwa macho yake. Hakunitukana. Ningependa anitukane.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimetoka Kabanga sasa hivi. Niandike kabla sijajifariji.

Tulikaa kwenye benchi nje ya wodi. Nilimsalimia shikamoo ingawa hajanipita sana. Nikafungua gemu. Nikamwonyesha kifaru, nikakigeuza rangi, nikamwonyesha ndege imesimama angani kama nzi kwenye utando. Nikasema, mama, unaona, ni katuni tu, kama za watoto. Akatikisa kichwa ndiyo, ndiyo. Nikadhani naokoka.

Kisha akakiona kijiji. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Mwalimu, nipeleke ku nyumba yangu."

Ningefanyaje? Nikamshika yule askari wangu nikampandisha kona saba. Mama Amani alikuwa ananielekeza njia kabla sijaifikia. Hapa kwa mukatekista. Hapa bombani. Tukafika mlango wa kijani.

"Fungua."

Haufunguki. Nyumba zangu ni kuta tu, ndani hazina kitu. Nikamweleza. Akaniambia nigonge. Nikamzungusha askari nyumba nzima ili aone nimejitahidi. Akatazama ua, zizi, njia yote mpaka kanisani.

"Batu beko wapi?"

Nikasema sikuweka watu.

"Ata kuku moja haiko."

Nikasema tena, mama, sikuweka, kompyuta ni dhaifu. Papa Deo akamweleza kwa lugha yao, taratibu, mara mbili. Alimsikiliza vizuri tu. Alipomaliza, akanishukuru kwa kumfikisha. Sasa ameona kwa macho yake, alisema, kwamba wamekwisha wote, na mwanawe amelala huko bila mtu wa kumfunika udongo.

Nilikwenda kumwonyesha uongo. Nikamwonyesha ushahidi.

Jumapili, 24 Novemba

Nimefuta kijiji kwenye kompyuta. Haikusaidia chochote.

Jumanne, 26 Novemba

Leo asubuhi Mama Amani aliruhusiwa kutoka hospitali. Papa Deo alikwenda kupanga foleni ya dawa zake. Aliporudi benchi lilikuwa tupu. Muuza ndizi wa getini anasema alimwona akipanda gari la Kigoma, na kwamba mama huyo alimuuliza boti za ng'ambo zinaondoka siku gani.

Anakwenda kumzika mwanawe.

Nilimpigia simu. Imezimwa. Nikaomba ruhusa shuleni, nikaenda stendi, nikasimama. Gari la mwisho lilikuwa limeondoka. Na hata lingekuwepo, ningemkuta ningemwambia nini ambacho sijamwambia?

Alhamisi, 28 Novemba

Amani kapiga simu ya mjomba wake, Papa Deo akiwa kwangu.

Yuko hai. Nimeandika nikasoma tena. Mnara wa simu wa upande wao umeharibika tangu mwisho wa Oktoba. Ametembea siku nzima hadi mlima wa pili kutafuta mtandao. Kijiji kipo. Kanisa lipo. Papa Deo alilia kwenye simu kwa sauti, nami nikalia, tukawa watu wazima wawili tunalia kwa habari njema.

Ndipo Amani akasema apewe mama yake.

Papa Deo akanipa simu mimi. Simlaumu.

Jumanne, 3 Desemba

Hakuna habari. Kigoma hawajamwona. Papa Deo ameripoti kila ofisi yenye mlango. Video inaendelea kuzunguka. Leo imenifikia kutoka Newala, kwa mama yangu mzazi, akiniambia niwe mwangalifu huko mpakani.

Gwasa ameuliza kama tutacheza Jumamosi. Baadaye akaandika samahani.

Jumapili, 8 Desemba

Mvua imekatika. Majirani wanapalilia maharage.

Amani sasa hupanda mlima wake wa pili kila baada ya siku mbili na kunipigia mimi, kwa sababu mjomba wake akimsikia hawezi kusema. Leo aliuliza angoje nyumbani au ashuke ziwani kumtafuta. Akishuka, mama anaweza kufika akute mlango umefungwa, aamini moja kwa moja. Asiposhuka, huko njiani kuna watu wenye silaha. Mimi ndiye mwalimu wa ramani. Nilimwambia angoje. Kisha nikamwambia ashuke. Kisha nikasema sijui.

Akasema atashuka. Akauliza mama yake alivaa nini siku ile, awaeleze watu wa boti.

Nilikaa naye benchi moja saa nzima na sikuweza kukumbuka. Kitenge cha rangi gani, viatu au kandambili, sikuweza. Muda wote nilikuwa natazama kioo. Amani alingoja kwenye simu, nikasikia upepo wa huko kwao.

Akasema si neno, mwalimu. Ataulizia tu mama mmoja, amenyoa kichwa, yuko peke yake.