Wifi Kanifichia Raba

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijatoa neno la kuvunja nyumba. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na mwaka jana niliambiwa figo zangu zimechoka, hazijafika pa kusafishwa damu kwa mashine lakini zimechoka, daktari akanipa masharti ya chakula na akasema nitembee kila siku, nami nikanunua raba nikawa nazunguka uwanja wa shule asubuhi kabla wanafunzi hawajaingia, na nakwambia mshauri, pumzi ilirudi, usingizi ukarudi, hata mume wangu akaanza kunitania kwamba sasa anaogopa nitamkimbia.

Ndipo akaja wifi yangu, dada mkubwa wa mume, kuniuguza. Sikumwita! Aliingia na mabegi yake, akashika jiko, akashika funguo, na raba zangu akazificha, mpaka leo sijui ziko wapi, eti majirani watasema tunamtesa mgonjwa, eti figo zinataka mtu alale nazo zipumzike. Nikisimama, "Kaa." Nikishika ufagio, "Lete hapa, unataka kutufia?" Wageni wakija anawasimulia habari za mkojo wangu, nami nipo palepale kwenye kochi nimefunikwa shuka kama maiti. Chakula anapika yeye, asubuhi supu ya mifupa, mchana juisi ya machungwa na ndizi "za kuongeza nguvu", na chumvi ya kawaida kaitupa, kaleta ile ya kopo iliyoandikwa kwamba ni ya wanaopunguza chumvi, anainyunyiza bila huruma, na kusema kweli ladha haipungui.

Kliniki iliyopita majibu ya damu yalikuwa mabaya, madini ya potasiamu yamepanda, daktari akaniuliza kwa ukali nakula nini, na kabla sijafungua mdomo wifi akadakia, "Chumvi hajaigusa tangu nimefika, daktari!" Nikanyamaza, nitamwaibishaje mbele za watu? Sasa miguu imelegea kama si yangu na moyo wakati mwingine unarukaruka, naye anasema hayo ni matunda ya ule mzururo wangu wa uwanjani. Mume nikimlalamikia anajibu, "Dada anakupenda, vumilia." Mshauri, nimwambieje aniachie mwili wangu bila kugombana na ukoo mzima?

Mimi Niliyekalishwa

JIBU

Niliyekalishwa, ukoo utasubiri. Chumvi nyingi za aina hiyo hupunguzwa sodiamu na kuongezwa potasiamu, madini yaleyale ambayo figo zako zinashindwa kuyatoa. Huyo mama anakunyunyizia hatari kila mlo huku akijisifu! Miguu kulegea na moyo kurukaruka, baada ya majibu kama yako, ni jambo la hospitali leo, kitengo cha dharura, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda na kopo lenyewe, daktari alisome.

Nilipoisoma barua yako nilipiga namba uliyoiacha. Akapokea wifi. "Mgonjwa amelala, sema shida yako." Nikamwambia akuamshe. Akaniambia mgonjwa haamshwi, akakata. Ndiyo maana mhariri nimemlazimisha akupe nafasi gazeti la leo.

Na wewe nawe! Daktari anakuuliza unakula nini, unaona haya kwa ajili ya wifi? Haya hiyo ingekuzika. Supu na juisi hizo ziache mpaka uonane na mtaalamu wa lishe wa kliniki yako. Sikutajii vyakula hapa, maana wenye figo hawafanani, mwenzako anaweza kuruhusiwa ndizi na wewe ukakatazwa kulingana na damu yako inavyosema. Kutembea hakukukosea chochote. Usirudi uwanjani hadi daktari aseme moyo umetulia, kisha anza polepole, mwendo wa kuweza kuongea huku unatembea, na kifua kikibana au kizunguzungu kikija, simama.

Wifi usimfukuze, mapenzi anayo, tatizo ameyapikia kichwani kwake bila kumuuliza mtu. Ukitoka hospitali mkalishe na mumeo awepo, umwambie hivi: "Wifi, ahsante kwa kuniuguza. Kwa daktari nitaingia mwenyewe, chungu changu nitakionja mwenyewe, na raba zangu nazitaka leo." Akilia, alie. Atanyamaza.

Na kama gazeti hili umelishika wewe mume, kwa sababu mkeo hana nguvu ya kuinuka, acha kusoma umpeleke hospitali sasa hivi. Dada yako atabaki kulinda nyumba.