Mguu wa mwisho kwenye benchi

Ntumba, kumbe babu yetu, nkambo Ngeleka! Mtakatifu wetu aliyevaa tai pichani! Nkambo Odile, mke wake, ametusimulia leo mbele ya wakwe zangu watarajiwa. Nimekimbilia jikoni nicheke.

Enzi za Wabelgiji, kila Ijumaa ya Kwaresima nkambo aliwaosha maskini miguu mlangoni pa kanisa la Kapata, watu wote wakimtazama. Siku hiyo anafika mwisho wa benchi. Mguu umejaa vumbi. Anaushika, anausugua, anainua macho...

MAMA MKWE WAKE!!

Ntumba, mama mkwe! Kwetu Baluba mama mkwe hagusiki, hata njiani unampisha, mwenzetu kamshika kisigino! Nkambo akaruka, beseni likammwagikia padri aliyesimama kando.

"Mama, si uko kwenu Kasai?"

Maana alishamtumia neno asije, nyumba imejaa, hakuna nafasi. Uongo! Nkambo, karani mzima wa Wabelgiji, aliona haya kuonekana na mama asiye na viatu. Na aliyemwita mama yake na kumketisha pale ni nkambo Odile mwenyewe!

Mama hakuinuka. Akanyoosha mguu wa pili.

"Tata Ngeleka, mama ya muke yako akikuya, hakuna fasi. Masikini akikuya, unamushika mpaka kisigino. Basi leo nimekuya masikini. Maliza kuosha, kisha unipeleke kwako."