Gauni Ndani ya Blanketi la Mama

Mpendwa Bi. Eufrazia,

Naomba unisaidie kabla Jumamosi ya mwisho wa mwezi haijafika, maana siku hiyo natakiwa kumrudishia mama yangu mzazi kitu ambacho aliniambia nisikifungue, nami nimekifungua, na tangu hapo sijui hata nitamtazama vipi.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu hapa Mpanda, naishi Kawajense na mume wangu Deogratias na binti yetu Odeta mwenye miaka tisa. Sina mambo mengi, umbea naupenda lakini muda sina, kwa sababu nina ugonjwa mmoja mkubwa, kushona mablanketi ya vipande. Kila Ijumaa nikitoka shule napitia sokoni kwa fundi Silvesta, ananiwekea mfuko wa mabaki ya vitenge, vile vinavyobaki akikata sare za kwaya na magauni ya harusi, nafika nyumbani navimwaga sakafuni, chekundu naweka hapa, cha maua pale, navitazama, navipangua, naanza upya, maharage yanaungua jikoni, Deogratias anakwenda kuyaepua mwenyewe. Majirani wananicheka kwamba mwalimu anapokea mshahara wa serikali halafu analalia viraka. Hata tukitoka matembezi, maana mume wangu ni Mpimbwe na mwisho wa wiki hupenda kutupeleka Majimoto kwa dada yake kula mchele mpya, tukisimama Sitalike wenzangu wanatazama viboko mtoni, mimi natazama kitenge cha mwanamke aliyesimama mbele yangu nikiwaza nitaombaje kipande.

Ugonjwa huu nimeurithi kwa mama. Anaitwa Athanasie, anaishi na kulima Kasekese, na nchi hii aliingia mwaka sabini na mbili akitokea Burundi kama mkimbizi, mwanamke wa miaka ishirini na kitu. Sisi watoto tumezaliwa hukuhuku, wa kwanza kaka yangu Didace na wa mwisho mimi, jumla watano, na leo wote tuna vyeti vyetu vya uraia. Mambo ya alikotoka mama hasimulii. Ukimwuliza walipita njia gani anasema, "Tulitembea," kisha anainuka kwenda kuangalia kuku. Karani wa sensa akimwuliza ana watoto wangapi anajibu sita, na sisi tumezoea kucheka kwamba anamhesabu na mtoto wa Didace aliyemlea tangu ananyonya.

Sasa huyo mama ana blanketi moja la vipande alilokuwa nalo tangu sijazaliwa. Ni zito, ukilibeba mwenyewe unasikia mgongo. Halifuliwi, linaanikwa juani tu, na likichakaa halitupi wala hang'oi kitambaa kilichooza, anashona kipya juu yake, mbele na nyuma, anaendelea kujifunika. Mwezi uliopita alikuja mjini kutibiwa macho akaja nalo limefungwa kwa kamba ya katani. Akaniambia, "Annonciata, macho yangu yamekwisha, tundu la sindano silioni tena. Nishonee cha juu kipya." Nikamwambia sawa mama. Alikuwa ameshatoka mlangoni, akarudi akanishika mkono. "Juu yake, mwanangu. Usifumue. Nyie mnapenda kufumua."

Bi. Eufrazia, unaweza kumpa mlevi chupa umwambie anuse tu? Nilikaa nalo siku nne. Jumapili tukiwa tumetoka misa, baba na mtoto wakaenda uwanjani kutazama mpira, nami nikalitandaza sakafuni nikajiambia nafumua kona moja, nione tu katikati aliweka pamba au sufi, kisha naifunga. Nikafumua kona. Chini ya vitenge hapakuwa na pamba wala sufi, palikuwa na blanketi jingine zima la vipande.

Nikaendelea kufumua, sikujizuia, nisikudanganye. Vile vya juu nilivijua, ni vitenge vya sare ya akina mama wa parokia, vya mwaka tulipopata uraia. Chini yake zilikuwa khanga zilizopauka, na katikati ya khanga nikakuta sketi yangu ya shule, ile ya bluu, na kaptula ya kaka Didace yenye kiraka cha makalio ambacho tulimcheka nacho hadi akalia. Nilidhani vilitupwa miaka hiyo. Nikafumua tena, nikakuta magunia, ya tumbaku na ya unga wa msaada, yamefuliwa mpaka yamekuwa laini, na maandishi yake bado yanasomeka kwa mbali. Kila tabaka lilikuwa limekamilika, limepangwa, rangi zinajibizana, mtu amefikiria, halafu amelifunika lote asilione mtu. Mimi ambaye nikimaliza blanketi moja naita mtaa mzima waje kulisifia, nilikaa pale nikaona haya. Miaka yote nimejiita mshonaji.

Tabaka la mwisho lilikuwa blanketi la kijivu, lile la wakimbizi, jembamba. Na juu ya hilo la kijivu, katikati kabisa, lilikuwa limelazwa gauni la mtoto.

Ni dogo, la mtoto wa miaka miwili hivi, la kitambaa cha maua ambayo sasa yamebaki kama kivuli. Halikukatwa kipande. Limeshonewa pale zima, mikono imenyooshwa, kola imelala vizuri, kifungo kimoja mgongoni bado kipo. Mama ana mishono mirefu ya mtu mwenye haraka, mwenye shamba na watoto, blanketi zima ni hivyo, lakini kuzunguka gauni lile mishono ni midogo, midogo sana, mpaka niliinamisha uso kuiona. Na upindo wa chini ulikuwa mpana vidole vinne. Wewe ni mama, unajua upindo wa namna hiyo unaachwa wa nini. Unaachwa ili mtoto akikua ushushwe. Ule haukuwahi kushushwa.

Nilikuwa nimepiga magoti tangu mwanzo kwa sababu ya kazi, lakini pale niliona nimepiga magoti ya namna nyingine. Sikulia. Niliogopa, lakini si kuogopa kwa kutaka kukimbia, ni kama unavyonyamaza kengele ndogo ikilia kanisani. Nilikuwa nimezaliwa ndani ya nyumba yenye kitu hiki, nimejifunika baridi na kitu hiki nikiwa na surua, na mama alikuwa akipita karibu yetu na ndoo ya maji kama mtu wa kawaida.

Deogratias alirudi akanikuta hivyo. Akalitazama gauni, akavua kofia. Baadaye akaniambia, "Mama Odeta, lifunge. Angetaka ujue angekwambia. Tena macho haoni, hatajua." Ni kweli naweza kulifunga, mikono ninayo. Lakini nikilifunga nitakuwa naishi na kujua, na kila nikienda Kasekese nitamwona mama ameketi na jembe lake nami nitakuwa nadanganya kwa kukaa kimya. Nikimwuliza, naogopa nitamfumua na yeye, na mtu wa umri ule akifumuka nani atamshona? Halafu kuna kaka Didace, maisha yake yote ameitwa mtoto wa kwanza, na mahari yetu sisi dada zake ameipokea kwa jina hilo. Nimwambie? Au nimwache?

Jumamosi hiyo tulipanga kwenda familia nzima, na soda na keki. Nishauri.

Annonciata,
Kawajense, Mpanda.

*

Annonciata,

Nianze kwa kukugombeza ili tulimalize hilo. Mama yako alikuwa ameshatoka, akarudi mlangoni, akakushika mkono, akakwambia usifumue. Ukafumua. Mwanafunzi wako wa darasa la tatu angefanya hivyo ungempigisha magoti, na kwa kuwa umeandika kwamba magoti ulishayapiga mwenyewe, nakusamehe kwa niaba yangu. Kwa niaba yake siwezi.

Sasa nikwambie jambo jingine. Kazi hii ya kusoma barua za watu nimeifanya miaka mingi, nimesoma za wake wenza, za wachumba hewa, za mashemeji wasiolipa wema, na ninazisoma nikinywa chai. Yako chai ilipoa. Nimemfikiria huyo mama juani Kasekese akianika blanketi lake kwenye kamba, majirani wanapita wanamsalimu, hakuna ajuaye ni nini kinachopigwa jua pale. Mhariri akadai ukurasa wangu, nikamwambia asubiri.

Unaandika kwamba ameficha. Hebu mwalimu, soma barua yako tena. Mtu anayeficha gauni hulizika sandukuni. Mama yako alilala nalo kila siku, na kila lilipochakaa aliongeza kitambaa, kutoka gunia hadi khanga hadi kitenge cha parokia, kila alipopata kizuri zaidi ya cha kwanza. Na akaongeza sketi yako, na kaptula ya Didace. Mimi sioni siri hapo. Naona mama anamfunika mtoto wake baridi, na kuwaleta wadogo zake wakalale karibu naye.

Utaniuliza nimejuaje ni mtoto wake. Sijui, na wewe hujui, na hilo ndilo la kuheshimu. Lakini nakukumbusha ulichoandika mwenyewe ukakipita mbio kama kichekesho. Karani wa sensa alimwuliza ana watoto wangapi. Akasema sita. Alimwambia karani wa serikali, mbele yenu, kwa sauti, na nyie watu wazima watano mkacheka. Mama yako hajawahi kuwadanganya hata siku moja.

Kuhusu mumeo, mpe pole, kofia aliivua mwenyewe bila kuambiwa na hilo nimelipenda. Lakini ushauri wake ni wa mtu asiyeshona. Anasema macho haoni, hatajua. Yamekwisha macho, vidole je? Mwanamke aliyeweka mishono ile ataipapasa siku ya kwanza tu na kujua kwamba mkono mwingine umepita, kisha atanyamaza, maana kunyamaza anakuweza kuliko sisi sote. Utakuwa umemwachia siri ya pili juu ya ya kwanza. Usithubutu.

Na hebu fikiri kidogo. Ana watoto watano, wajukuu sijui wangapi, na mafundi cherehani hawakosekani Kasekese. Akalibeba zito vile mpaka Mpanda, akampa yule mmoja anayejulikana ukoo mzima kwamba hawezi kuacha mshono bila kuuchungulia, halafu akamwambia asichungulie. Sisemi alikusudia. Nasema tu macho yake yamekwisha, na alijua kwamba kuanzia sasa kuna mkono mwingine utakaokuwa unamfunika yule mtoto.

Basi fanya hivi. Usilifue, hata kama lina vumbi, hasa kama lina vumbi. Matabaka yarudishe kama yalivyokuwa, magunia mahali pake, khanga mahali pake, na uyashikize pembeni kwa mishono mirefu ya muda ambayo mtu akivuta uzi mmoja inaachia. Gauni usiliguse. Kama ulifumua hata mshono mmoja wa lile gauni, na najua hukuandika yote, uache hivyohivyo.

Soda na keki acheni nyumbani. Matembezi yatakuwepo wiki nyingine, viboko wa Sitalike hawahami. Panda gari la asubuhi peke yako na blanketi mapajani. Ukifika msalimie vizuri, msaidie kazi iliyopo, kisha liweke mbele yake useme maneno mawili tu, "Mama, nilifumua." Omba radhi, unyamaze. Usiulize jina. Usiulize njia waliyopita. Akiinuka kwenda kuangalia kuku, mwache aende, wewe kaa hapohapo, atarudi kwa sababu blanketi liko kwako. Akisema, sikiliza bila kumsaidia kumaliza sentensi, nyie walimu mna tabia hiyo. Asiposema siku hiyo, amekwambia vya kutosha kwa kukaa nawe.

Didace asisikie kwako. Hiyo ni nafasi yake na ni mama yake atakayempa au kumnyima. Muda wote huo nafasi ya mbele yake ilikuwa na mtu, hatapungukiwa na kitu akiijua wiki hii au mwaka ujao.

Cha mwisho ndicho kikubwa, kwa hiyo usikisahau nyumbani. Beba sindano nyembamba kuliko zote ulizonazo na uzi mzuri. Umesema tundu la sindano halioni tena, lakini mshono mdogo kiasi kile hashoni mtu kwa macho. Gauni lile si lako kulifunga. Kama kuna mshono wa kurudishwa, ataurudisha yeye, taratibu, hata ikichukua mchana mzima. Wewe kazi yako siku hiyo ni kukaa ubavuni kwake, na kila uzi ukiisha, umtungie mwingine.

Bi. Eufrazia