Kamba Ina Mwisho

Mke wangu mpendwa, Mama Elia,

Salamu nyingi sana. Hali yangu ni njema, hata kile kikohozi cha vumbi kimeniacha. Sijui hali yenu huko Mgori. Jino la mama limepoa? Na Elia bado anaogopa jogoo?

Mdogo wangu niliyemtuma kwako alirudi hapa Sekenke juzi, akanipa jibu lako kwamba huji kuishi nami. Nikamwuliza, kwa nini, na Mzungu wa mgodi amekwisha kunikubalia nyumba? Akasema, "Shemeji ameusikia ule wimbo wenu. Anasema watu wanaoimba kifo chao asubuhi, yeye hawafuati." Basi najua ni yeye aliyekuimbia, na sauti yake unaijua, hata harusi huigeuza matanga.

Sikucheki, mke wangu. Hata mimi nilipofika niliogopa. Kazi yetu ni kuvuta ndoo za mawe kutoka shimoni, kamba inapita juu ya gurudumu la roda, na wenzangu huimba, "Vuta, ndugu, vuta, kamba ina mwisho." Unakumbuka bibi alivyokuwa akisema mtu akifa, kwamba kamba yake imefika mwisho. Nikavuta nimefunga mdomo.

Mzee Kitundu, Mnyiramba anayetuongoza kuimba, akaniona. "Wewe mtu wa Mgori, mbona kimya?"

Nikamwambia, "Mzee, mimi bado nina mke."

Alicheka mpaka akaachia kamba, tukabaki sisi kuishika. Kisha akasema, "Sasa kamba isiyo na mwisho, wewe utaivuta mpaka lini?"

Ndiyo maana yake, Mama Elia. Anayevuta haioni ndoo. Mikono inawaka, mgongo unauma, na kamba inakuja tu. Wimbo unamwambia kwamba ndoo ipo na inapanda. Siku hizi naimba kuliko wote. Naimba hata nikisonga ugali, na ugali wenyewe bado unatoka mabonge. Nikikuwaza unavyolima peke yako na mtoto mgongoni, nasema hiyo nayo ni kamba, na sipendi uivute peke yako. Nimekukumbuka sana. Anayekusomea barua asome hapo bila kukohoa.

Baba mpe shikamoo yangu kwa heshima, usiseme tu nimemsalimu. Mama mkwe mwambie simnyang'anyi binti, baada ya mavuno tutakuja kumwona. Mjomba mwenye ng'ombe msalimu pia.

Nyumba ni ndogo lakini haivuji. Nyuma yake nimepanda mlenda, na majirani wananicheka, mwanamume mzima na mlenda. Umeota mwingi kuliko nilivyotaka. Mimi kuupika sijui, na sitaki kumwomba mke wa mtu.

Mumeo anayekungoja,
Baba Elia