Namba ya Runinga

Kerrin na watoto,

Soseji ziko kwenye friji. Pipa la taka litolewe leo jioni.

Runinga nimeirahisisha. Zamani kila kisanduku cha runinga kilidai anwani ya ile kompyuta ya gereji inayorusha vipindi, na nywila ndefu, ndiyo maana mlikuwa mkinipigia mgodini kila mechi ikianza. Sasa kinaitafuta chenyewe, kinauliza namba moja tu: ~~4471~~.

Asubuhi Tahlia kaniambia, “Safi, Baba, hatukusumbui tena.” Nikacheka. Kisha nikakikumbuka kile chumba cha kambi ya mgodini ninakorudi leo, kitanda na ukuta, nje jangwa tupu, wiki mbili hakuna pa kwenda. Simu zenu zote huwa za kuuliza runinga.

Namba nimeikata kwa mstari. Najua bado inasomeka. Jifanyeni haisomeki, mnipigie.

Baba